Ghala la Joto Baharini na Mvua ya Dodoma: Namna ya Kufundisha Mizunguko ya Hali ya Hewa

Utangulizi

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya kijijini kwenye uwanda wa kati. Mwalimu mwanafunzi alikuwa akifundisha habari za El Niño. Aliandika ubaoni sentensi tatu. Ya kwanza: El Niño ni joto la bahari. Ya pili: El Niño huja kila baada ya miaka mitano. Ya tatu: El Niño huleta mvua nyingi. Wanafunzi walinakili kwa utulivu. Kisha msichana mmoja wa safu ya mbele akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, basi mwaka huu nimwambie baba apande mahindi?" Mwalimu alisita kidogo, halafu akajibu, "Ndiyo, mwambie."

Jibu hilo lilitolewa kwa nia njema. Hata hivyo, katika nchi ya Dodoma swali la msichana yule si dogo. Mvua ya hapa ni kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mtama na uwele huweza kustahimili wiki kadhaa za jua katikati ya msimu, mahindi hayawezi. Mkulima akichagua mbegu isiyofaa, hana vuli wala masika ya pili ya kumwokoa. Atangoja mpaka mwaka ujao, na watoto wake watangoja pamoja naye.

Katika sentensi tatu zilizoandikwa ubaoni siku ile, ya kwanza ni ya kweli lakini haikuelezwa. Ya pili si ya kweli. Ya tatu ni nusu ya ukweli. Katika makala haya tutazichukua moja baada ya nyingine, kisha tutaonyesha namna ya kulipanga somo hili kwa zana zinazopatikana kijijini. Mwishoni tutarudi kwa msichana yule na swali lake.

Sentensi ya kwanza: joto la bahari

Yafaa tuanze na jambo ambalo kila mtoto analijua. Udongo wa Dodoma saa saba mchana huunguza nyayo, na alfajiri umekwisha kupoa. Maji ya mtungi hayabadiliki hivyo. Sababu ni kwamba maji huhitaji joto jingi ili yapande nyuzi moja tu. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,200. Kilo moja ya hewa huhitaji kiasi cha jouli 1,000. Mchanga mkavu huhitaji pungufu ya hapo. Tena maji ni mazito kuliko hewa kwa mbali. Tukilinganisha mita moja ya ujazo ya maji na mita moja ya ujazo ya hewa, maji huweza kubeba joto zaidi ya mara 3,000. Ndiyo maana tabaka la juu la bahari lenye kina cha mita mbili na nusu tu huweza kutunza joto sawa na hewa yote iliyo juu ya dunia.

Kuna jambo la pili. Joto la jua huishia katika udongo wa juu, lakini baharini mawimbi na pepo huyachanganya maji na kulishusha joto makumi ya mita kwenda chini. Kwa hiyo bahari ya nchi za joto ni kama ghala. Joto linalopokewa leo halitumiki lote leo. Sehemu yake huwekwa akiba, nayo huweza kutolewa baada ya miezi mingi, pengine mahali pa mbali na lilipopokewa. Hewa husahau upesi, lakini bahari hukumbuka.

Ghala kubwa kuliko yote limo katika Bahari ya Pasifiki. Kwa kawaida pepo za biashara huvuma huko kutoka mashariki kwenda magharibi kufuata ikweta. Huyasukuma maji yenye joto kutoka pwani ya Peru na Ekuado, yakarundikana upande wa Indonesia. Mrundikano huo ni mkubwa hata uso wa bahari upande wa magharibi huwa juu kwa takriban nusu mita kuliko upande wa mashariki. Chini yake, tabaka la maji yenye joto huweza kufika kina cha mita 150 au zaidi, ambapo upande wa Peru maji baridi yako karibu kabisa na uso wa bahari.

Pepo hizo zikilegea, maji yaliyorundikwa hayawezi kubaki mahali pake. Hurudi mashariki kwa mawimbi makubwa yapitayo chini ya uso wa bahari, nayo huchukua kiasi cha miezi miwili au mitatu kuivuka Pasifiki. Pwani ya Peru hupata joto, samaki wa maji baridi hutoweka, na mvua huhama. Wavuvi wa huko waliiona hali hii mara kwa mara karibu na Krismasi, wakaiita El Niño, yaani Mtoto wa kiume, kwa kumkumbuka Mtoto Yesu. Kinyume chake, pepo zinapovuma kwa nguvu kuliko kawaida na maji baridi yakaenea mashariki, huitwa La Niña.

Sentensi ya pili: je, huja kila miaka mitano?

Ilichukua muda mrefu wataalamu kuunganisha mambo haya. Gilbert Walker, aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904 hadi 1924, aligundua kwamba mgandamizo wa hewa upande mmoja wa Pasifiki unapopanda, upande wa pili hushuka, kama mizani. Hakujua ni nini kiliisukuma mizani hiyo. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes alieleza kwamba bahari na hewa husukumana: pepo hurundika joto, na joto huamua pepo zivumeje. Klaus Wyrtki, akifanya kazi Hawaii, alionyesha mwaka 1975, na tena 1985, kwamba kabla ya El Niño maji yenye joto hujikusanya, na El Niño ndiyo namna ya bahari kulimwaga joto hilo. Mwaka 1997 Fei-Fei Jin aliliweka wazo la kujaa na kumwagika kwa ghala katika hesabu.

Hapa ndipo mwalimu anapopata kiini cha somo lake. Hali ya hewa hujirudia kwa sababu ghala hujaa na kupungua. Wakati wa El Niño sehemu ya joto huingia hewani, na sehemu nyingine husukumwa mbali na ikweta kwenda kaskazini na kusini. Ghala hubaki na akiba ndogo. Mara nyingi La Niña hufuata, pepo huanza tena kurundika, na akiba huongezeka polepole.

Lakini ghala halina kalenda. Ghala la nafaka hujaa kwa kutegemea mavuno, na hufunguliwa njaa inapobisha. Hakuna aliyeandika tarehe mlangoni. Vivyo hivyo, hata akiba ya joto ikiwa kubwa, pepo ndizo zenye kulifungua ghala, na pepo zina ukaidi wao. Wanafunzi walione hili kwa hesabu nyepesi. El Niño zilianza katika miaka ifuatayo: 1997, 2002, 2004, 2006, 2009, 2014 (hiyo iliendelea hadi 2016), 2018 na 2023. Watoe tofauti kati ya mwaka na mwaka. Watapata 5, 2, 2, 3, 5, 4 na 5. Wastani ni karibu 3.7, lakini hakuna hata tofauti moja iliyo 3.7. Ndiyo maana vitabu husema hurudi baada ya miaka 2 hadi 7. Tena si zote zenye nguvu sawa: ile ya 1997 na ile ya 2015 zilikuwa kubwa sana, ile ya 2004 ilikuwa dhaifu.

Mzunguko, basi, si saa ya ukutani. Mwalimu hana budi kulirudia neno hili, maana mtoto akisikia "mzunguko" hufikiri gurudumu.

Sentensi ya tatu: je, huleta mvua nyingi?

Ni kweli kwamba El Niño ya 1997/98 iliacha alama hapa kwetu. Mafuriko yaliharibu barabara na madaraja katika sehemu nyingi za Tanzania, na reli ya kati ilikatika. Mwishoni mwa Desemba 2009, wakati wa El Niño nyingine, mafuriko yaliiharibu vibaya reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama. Wazee wa Mpwapwa na Gulwe wanaweza kuwasimulia wanafunzi wenu habari hizo.

Lakini kati ya Pasifiki na Dodoma kuna bahari nyingine, nayo ni Bahari ya Hindi, yenye ghala lake yenyewe. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani na India walieleza hali wanayoiita daipoli ya Bahari ya Hindi. Katika baadhi ya miaka maji ya pwani ya Sumatra hupoa, na maji yenye joto hukusanyika upande wetu wa Afrika Mashariki. Hewa yenye unyevu hupanda juu ya maji hayo, na mvua hunyesha kwetu kwa wingi. Hali hiyo ikigeuka kinyume, mvua hupungua.

Mwaka 1961 ni mfano mzuri kwa wanafunzi, kwa kuwa ni mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Nchi ilikuwa imepigwa na ukame na njaa. Kisha, katika miezi ya mwisho ya mwaka, mvua kubwa zikashuka juu ya Afrika Mashariki yote. Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata. Mwaka ule haukuwa na El Niño. Kilichokuwapo ni joto la Bahari ya Hindi upande wa magharibi. Mwaka 2019 nao ulikuwa na daipoli yenye nguvu sana, na mvua za vuli zikazidi mno, hali Pasifiki ilikuwa karibu na kawaida yake. Mwaka 1997 ghala zote mbili zilifunguka kwa pamoja. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu kama ya 1997, lakini mvua za Afrika Mashariki hazikufikia kiwango cha 1997.

Sasa tuitazame Dodoma yenyewe. Daipoli huanza kuonekana karibu na Juni, hufikia upeo wake kati ya Septemba na Novemba, na kwa kawaida hufifia Desemba au Januari. Wenzetu wa pwani ya kaskazini, wa Kilimanjaro na wa Kenya, ambao vuli yao ni Oktoba hadi Desemba, huipata nguvu yake yote. Sisi wa uwanda wa kati mvua yetu ndiyo kwanza inaanza wakati daipoli inapoaga.

Zaidi ya hayo, tumekaa mpakani. El Niño hupenda kuongeza mvua kaskazini ya kwetu, lakini kusini mwa Afrika hupenda kuleta ukame. Mwaka 2023/24 uliyaonyesha yote mawili. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya tope yaliteremka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Miezi michache baadaye Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza maafa ya ukame. Chanzo kilikuwa joto la bahari lile lile. Dodoma iko kati ya pande hizo mbili. Mwaka mmoja huvutwa kaskazini, mwaka mwingine kusini. Kwa hiyo kumwambia mtoto wa Dodoma kwamba El Niño huleta mvua ni kumpa habari ya jirani kana kwamba ni ya kwao.

La Niña nayo ina mafunzo yake. Kati ya 2020 na mwanzoni mwa 2023 ilidumu miaka mitatu mfululizo. Katika kipindi hicho misimu mitano ya mvua ilishindwa kufuatana katika sehemu za Somalia, Ethiopia ya kusini na Kenya ya kaskazini, na mifugo mingi ikafa.

Namna ya kufundisha

Tunapendekeza vipindi vitatu vya vitendo kwa darasa la tano au la sita, pamoja na kazi moja ya muda mrefu. Zana zote ni za bei ndogo.

Kipindi cha kwanza: maji hutunza joto. Chukueni makopo mawili yanayolingana. Moja litiwe mchanga mkavu, jingine maji, kwa kiasi sawa. Yawekwe juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Wanafunzi wapime kwa kipimajoto kila nusu saa, wakikizamisha kina kile kile katika kila kopo, na waandike katika jedwali. Kisha makopo yahamishiwe kivulini na upimaji uendelee. Pasipo kipimajoto, kidole kitatosha. Msiwaambie wanafunzi watakachokiona. Waulizeni kwanza wanachokitazamia. Swali la kumalizia liwe hili: "Kama bahari ingekuwa mchanga, je, joto la mwezi wa tatu lingekuwapo bado mwezi wa tano?"

Kipindi cha pili: pepo na mrundikano. Tieni maji katika beseni refu, muyatie wino wa buluu, kisha mmimine juu yake tabaka jembamba la mafuta ya alizeti. Mafuta yanasimama badala ya maji yenye joto, na maji ya buluu badala ya maji baridi. Mwanafunzi mmoja apulize taratibu kwa mrija kutoka upande mmoja. Mafuta yatasogea na kurundikana upande wa pili, na maji ya buluu yataonekana karibu na mpulizaji. Aache kupuliza; mafuta yatarudi. Hapo mwalimu aonyeshe katika ramani ya dunia ilipo Peru, ilipo Indonesia na ilipo Tanzania. Wanafunzi wakumbushwe kwamba mafuta huelea kwa asili yake, bali maji ya bahari huelea kwa kuwa na joto. Mfano ukiachwa bila mpaka wake, mtoto atakwenda nyumbani akiamini bahari ina mafuta.

Kipindi cha tatu: uwezekano. Hiki ndicho kipindi ambacho walimu wengi hukiruka, nacho ndicho chenye faida kuliko vyote. Kila mwaka, kabla ya msimu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, ikisema kama mvua inatazamiwa kuwa juu ya wastani, ya wastani, au chini ya wastani. Utabiri huo umetokana na ghala tulilolieleza: maboya ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, pamoja na vyombo karibu 4,000 vinavyoelea baharini na kuzama hadi mita 2,000, hupima joto la maji siku zote. Lakini utabiri ni uwezekano, si ahadi. Chukueni vizibo kumi vya soda. Vitano viandikwe "juu", vitatu "wastani", viwili "chini". Vitiwe mfukoni. Kila mwanafunzi achomoe kimoja bila kutazama, atangaze, akirudishe. Baada ya mara ishirini wahesabu. "Juu" kwa kawaida itaongoza, lakini "chini" nayo huenda ikatokea mara kadhaa. Sasa waulizwe: "Yule aliyechomoa 'chini', je, mfuko ulimdanganya?" Majadiliano yatakayofuata yatawafundisha zaidi ya nukuu za ubaoni.

Kazi ya muda mrefu. Shule iwe na kipimamvua, hata kama ni kopo lenye kuta zilizonyooka na rula. Wanafunzi wapokezane kupima kila siku saa tatu asubuhi, na daftari lihifadhiwe ofisini mwaka hadi mwaka. Sambamba na hilo, kila mwanafunzi awaulize wazee wa kwao miaka ya njaa na miaka ya mafuriko. Katika Ugogo bado hutajwa Mtunya, njaa kubwa iliyofuata Vita Kuu ya kwanza, kati ya 1918 na 1920. Majina ya njaa ndiyo daftari la mvua la wale waliotutangulia.

Kongwa nako ni darasa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga, ukaachwa mwaka 1951 baada ya hasara ya mamilioni ya pauni. Mvua isiyotabirika na udongo ulioshupaa wakati wa kiangazi vilikuwa miongoni mwa sababu. Matrekta yalikuwapo; kilichokosekana ni kuijua nchi. Wanafunzi waelewe kwamba wastani wa mvua haumlishi mtu. Miaka miwili, mmoja wa milimita 300 na mwingine wa milimita 900, wastani wake ni 600, nayo yote miwili yaweza kuwa miaka ya njaa.

Jambo la kuongeza

Wanafunzi wa darasa la juu watauliza juu ya mabadiliko ya tabianchi. Ghala lenyewe linazidi kujaa. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za joto la ziada linalotokana na gesi zinazozuia joto lisitoke duniani huingia baharini. El Niño na La Niña zingali zikipokezana kama zamani, lakini juu ya akiba kubwa zaidi, na hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi. Ndiyo sababu mvua inaponyesha huweza kuwa kali kuliko ile ambayo mitaro na madaraja yetu yalijengewa.

Hitimisho

Turudi sasa kwa msichana wa safu ya mbele. Baada ya kipindi tulikaa na mwalimu wake chini ya mbuyu, tukatafuta pamoja jibu ambalo angeweza kumpa. Kesho yake alirudi darasani, akasema hivi mbele ya wote: "Jana nilikujibu upesi. Bahari mwaka huu ina joto, na wataalamu wanasema mvua yaweza kuzidi. Lakini yaweza pia kutuacha, kwa kuwa sisi tuko mpakani. Mwambie baba asikilize utabiri wa wilaya yetu, na kama ataongeza mahindi bondeni, asiuache mtama wake."

Msichana aliandika, kisha akauliza kama bondeni maana yake ni kule kwenye udongo mweusi. Mwalimu akamwambia kwamba ndiko huko, na kwamba hilo baba yake analijua kuliko sisi.

Hivyo ndivyo tunavyotaka somo hili lifundishwe. Kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo afanye mwenyewe jaribio la makopo mawili, auchezee mfuko wa vizibo, na aandike katika andalio lake la somo jibu atakalompa mtoto atakayeuliza nini kipandwe. Swali hilo litaulizwa.